Vyura Watampa Kazi Gani?

Leo nimekuja hewani na deni la swali. Niliulizwa sokoni hapa Kakamega, nikashindwa kujibu, na aliyeniuliza ameniahidi kwamba atakuwa amewasha redio.

Ni mama mmoja anayeniuzia lisutsa na murere tangu nilipokuwa nafundisha biolojia katika shule ya sekondari. Jumamosi alinifungia mboga kama kawaida, akanirudishia chenji, lakini hakuiachilia. Yeye kaishika noti ya shilingi hamsini upande ule, mimi nimeishika upande huu.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyemwambia msichana wangu achukue sayansi ya viumbe chuo kikuu. Sasa yuko mwaka wa nne, na kazi yake ni vyura. Usiku anatoka na tochi kwenda kusikiliza vyura. Niambie mbele ya hawa akina mama: vyura watampa kazi gani?"

Akina mama wa meza za jirani wakaacha kuchambua mboga. Nikaanza kujitetea kwamba siku hizi kazi kwa watu wa sayansi ni nyingi.

"Mwalimu," akanikata, "nyingi si jina la kazi."

Akaniachia hamsini yangu. Nikaondoka nikijua nimeshindwa.

Kabla sijamjibu mama, nikupeleke kwanza kwa hao vyura, kwa sababu mimi niliwahi kwenda nao. Msichana aliniomba nimsindikize usiku mmoja mwezi wa Machi, kwenye tope la kando ya mto Isiukhu, mahali ambapo napia na matete vimefungana. Tulivaa mabuti ya mpira. Alikuwa na tochi ya kufunga kichwani, simu ya kurekodi sauti, rula ya plastiki na daftari alilolifunga kwa karatasi ya nailoni ya zamani, ya kabla ya marufuku ya mwaka 2017. Nilimwambia ikionekana atashtakiwa yeye, si mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Unafika mahali ulipopima mapema, unazima taa, unanyamaza dakika kadhaa ili viumbe wakusahau. Kisha unasikiliza kwa muda uliojipangia, usizidishe wala usipunguze, unaandika kila sauti: aina gani, ngapi, upande upi. Anayeita ni dume. Anajaza hewa kifuko cha koo mpaka kinakuwa kikubwa kama kichwa chake, na anaita ili jike amsikie. Ukimaliza kusikiliza ndipo unawasha tochi na kutafuta. Alimkamata chura mmoja wa matete, mdogo kiasi kwamba alikaa juu ya kucha ya kidole gumba na nafasi ikabaki. Akampima kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili, akaandika, akamrudisha kwenye jani lile lile alilomtoa.

Usiku huo tulisikia sauti tatu. Tatu tu, kwa saa mbili. Mvua ilikuwa haijaanza.

Na hapo ndipo ilipo shida yake. Chuo chake ni cha umma na jina lake tuliache. Kilimpa muhula mmoja kwa mradi wa mwaka wa nne, na muhula wenyewe ni ule wa kuanzia Januari. Kakamega hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, lakini kati ya Desemba na Februari huwa kumekauka. Mvua kubwa hushuka Aprili na Mei. Kwa hiyo binti amekusanya takwimu za ukimya. Kurasa na kurasa za sifuri. Mvua ilipoanza na vyura wakaanza kelele, alibakiwa na siku chache kabla ya kufunga hesabu na kuandika ripoti. Halafu akaniuliza swali ambalo mwanabiolojia mzima angelipa pesa kuulizwa na mwanafunzi: "Mwalimu, pale nilipoandika sifuri, vyura hawakuwepo, au walikuwepo wakanyamaza?"

Kulijibu swali hilo kunahitaji mwaka. Arudi mahali pale pale kiangazi, masika, mvua ndogo za Agosti na Septemba, na kiangazi kingine. Mwaka huo hana. Atavaa joho, atapewa shahada, na swali litabaki kwenye daftari la nailoni.

Sasa, msikilizaji, kuna nchi ambazo mwaka huo umewekwa ndani ya shahada yenyewe. Waingereza wana mpango ambao mimi kwa Kiswahili nauita uzamili wa mkondo mmoja. Kijana anayetaka kusoma biolojia katika vyuo kama Sheffield au Leeds anaweza kuomba tangu mwanzo kozi ya miaka minne. Mitatu ya kwanza anasoma bega kwa bega na wenzake wa shahada ya kawaida: seli, jenetiki, mimea, wanyama, takwimu. Akifikia alama inayotakiwa anavuka kwenda wa nne, na huo wa nne sehemu yake kubwa ni utafiti. Anapewa nafasi kwenye maabara au nyikani, anapewa msimamizi, anabeba swali lake mwenyewe mwaka mzima, anaandika tasnifu. Anatoka na shahada moja yenye hadhi ya uzamili. Asiyefikia alama, au aliyechoka, au aliyepata kazi, anatoka mwaka wa tatu na shahada yake ya kwanza bila aibu yoyote.

Kuna jambo moja dogo kwenye mpango ule ambalo ndilo lililonivutia kuliko majina ya shahada. Mkopo wa serikali unaomlipia mwanafunzi shahada ya kwanza unaendelea naye mpaka mwaka huo wa nne. Hakuna kusimama katikati, kwenda nyumbani, kutafuta mfadhili, kuomba upya. Wanafunzi wa uhandisi, fizikia na kemia walianza kunufaika na mpango huo kabla ya wale wa biolojia. Scotland, ambako shahada ya kawaida ni miaka minne kama yetu ya sasa, mkondo huo huwa wa miaka mitano. Wahindi nao, tangu 2006, wana taasisi zao za elimu na utafiti wa sayansi ambamo shahada mbili zinasomwa kwa mfululizo wa miaka mitano.

Hapa kwetu njia iliyozoeleka ni nyingine, na unaijua. Miaka minne ya shahada ya kwanza, mkopo wa HELB, joho, picha na wazazi. Kisha kukanyaga lami kutafuta kazi. Anayetaka uzamili anarudi baadaye, akiwa na mtoto, akiwa na deni, akiwa na mwajiri asiyempa ruhusa, na anaanza na pendekezo la utafiti kutoka sifuri. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani, vichwa vyepesi kuliko changu, wakianza uzamili wakiwa na miaka 25 na kuumaliza wakiwa na 33. Wengine hawakuumaliza. Mmoja ana duka la simu pale karibu na stendi, na akikuuzia chaja atakueleza mzunguko wa maisha wa kichocho bila kukosea hatua.

Utaniambia, mwalimu, hayo ni ya Wazungu na Wahindi, sisi tuna mambo yetu. Sawa. Tufanye hesabu ya mambo yetu, tena chukua kalamu.

Watoto wa mtaala mpya, hawa wa umilisi, kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026. Watamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa 2028 na kubisha hodi chuo kikuu 2029. Mpangilio wao ni mbili, sita, tatu, tatu, tatu. Ile tatu ya mwisho ndiyo chuo kikuu: miaka mitatu. Upande wa pili, kundi la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, litafanya KCSE 2027 na kuingia chuo kikuu 2028 kwa miaka minne. Jumlisha. 2028 na minne, 2032. 2029 na mitatu, 2032. Kalenda ikienda ilivyopangwa, makundi mawili yatavaa joho mwaka mmoja, moja likiwa na miaka minne ya biolojia na lingine mitatu, na barua zao za kuomba kazi zitalala kwenye meza moja.

Nchi hii imewahi kuona jambo linalofanana na hilo, ila lilikuwa mlangoni pa kuingilia. Mwaka 1989 watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa KCSE walifanya mitihani mwaka mmoja, vyuo vikuu vikalazimika kuyapokea makundi yote mawili. Waliokuwepo wanakumbuka kulala wanne chumba cha wawili. Safari hii msongamano utakuwa mlangoni pa kutokea.

Wazee wenzangu watasema miaka mitatu si kitu kigeni, wao walisoma mitatu na wakawa madaktari wa falsafa. Ni kweli. Chini ya mfumo wa zamani wa saba, nne, mbili, tatu, shahada ya sayansi ilikuwa miaka mitatu. Lakini mzee, wewe ulikuwa umepita kidato cha tano na cha sita, miaka miwili ya kupasua chura, panya na mende mpaka ukaota mishipa yao. Uliingia chuo kikuu ukiwa umeshashika kisu. Mtoto wa Gredi ya 12 anatoka kwenye sekondari ya juu ya miaka mitatu yenye masomo ya aina nyingine na vifaa tofauti. Kuna shule zenye hadubini moja kwa darasa zima, na hiyo moja lenzi yake ina ukungu. Ukimpunguzia mwaka huku juu, kitakachokatwa nakijua, kwa sababu ndicho hukatwa kila bajeti inapobana: mradi wa mwaka wa mwisho na safari za nyanjani. Mihadhara haikatwi, kwani mhadhara hauhitaji dizeli.

Ndiyo maana nasema tusiuache mwaka wa nne utuponyoke. Serikali leo inamkopesha mwanafunzi wa biolojia miaka minne. Mwaka huo wa nne una fedha zake tayari. Ni suala la kuamua utaitwa nini na utafanya kazi gani. Mimi naomba uitwe uzamili, upewe wale wanaoutaka na wanaoufikia kwa alama, na mkopo uwafuate humo bila kukatika.

Nikupe mfano wa mtu aliyepita mkondo usiokatika, ingawa haukuitwa hivyo. Wangari Maathai alimaliza shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimbo la Kansas, Marekani. Hakurudi nyumbani kukanyaga lami. Alipata ufadhili, akaenda moja kwa moja Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwaka 1966 akawa na uzamili wa sayansi ya viumbe. Humo ndimo alimojifunza kuandaa tishu: kuikausha, kuikata vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, kuitia rangi, kuisoma chini ya hadubini. Akarudi Nairobi na barua ya kazi ya usaidizi wa utafiti katika zuolojia, akafika akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Akakaa bila kazi. Kilichomwokoa ni ule ujuzi wa mikono, kwa sababu Profesa Reinhold Hofmann, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, alihitaji mtu anayejua tishu na hadubini. Kufikia 1971 alikuwa na uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuupata. Miti na Nobel ya 2004 vilikuja baadaye. Mwanzo wake ulikuwa kisu cha kukatia tishu.

Sasa turudi kwetu. Sijui mji mwingine wa Kenya ambako mwanafunzi wa biolojia anaweza kunywa chai katika hosteli ya Kefinco asubuhi na kabla ya saa nne awe amesimama ndani ya msitu wa mvua, msitu wa Kakamega. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapa hapa barabara ya Webuye. Endelea na barabara hiyo, ukunje kulia, utafika Buyangu. Au pita Khayega, panda boda boda mpaka ng'ambo ya Shinyalu, utaingia Isecheno. Wanasayansi wanatuambia msitu huu ni ukingo wa mashariki wa misitu ile ya Kongo, kipande kilichobaki huku kwetu baada ya vingine kumezwa na mashamba. Una zaidi ya aina 300 za ndege na zaidi ya aina 400 za vipepeo. Kaskazini, kwenye kijisitu cha Kisere, kuna kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe, mnyama ambaye Wakenya wengi hawajamwona hata kwenye kalenda.

Na maswali ya msitu huu yameulizwa na nani? Tangu 1979 mtafiti Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, amekuwa akifuatilia kima wa Isecheno. Kima wale wana majina. Inajulikana bibi ni nani na mjukuu ni nani; inajulikana kwamba majike hubaki kwenye kundi walikozaliwa na madume huondoka; inajulikana makundi yaligawanyika lini. Kati ya 2001 na 2010 mradi wa Wajerumani ulioitwa BIOTA ulijaza watafiti msituni, Wajerumani na Wakenya, wakichunguza kinachotokea msitu ukikatwa vipande. Mary Gikungu, Mkenya, alifanya uzamivu wake juu ya nyuki wa msitu huu, wa zaidi ya aina 200, akaukamilisha Bonn mwaka 2006, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Siwaonei wivu wageni. Wamefanya kazi njema, na vijana wengi wa Shinyalu wamejifunza kwao kuwatambua kima kwa nyuso jinsi unavyowatambua majirani. Lakini ona mpangilio wake. Kijana wa Ulaya anakuja na mwaka mzima mkononi, kwa sababu shahada yake imempa mwaka. Kijana wa Shinyalu anambebea begi na kumwonyesha njia, naye anajua jina la kila mti, mwiritsa, mutere, mukumari, lusiola. Tasnifu inaandikwa na aliye na mwaka.

Na maswali bado yapo, tena mengine yako kwenye meza za soko lile lile nililoaibishwa. Chukua mukombero. Kila mtu hapa anautafuna, vijana wa boda boda wanautafuna kwa sababu zao wanazozijua. Mzizi ule ukiung'oa msituni umeua mmea. Je, ule wa kupandwa shambani una nguvu sawa na wa porini? Unahitaji miaka mingapi kabla ya kuvunwa? Chukua mwiritsa, ambao gome lake linauzwa mpaka Ulaya kwa dawa za tezi dume, na ambao tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Ukimenya upande mmoja, gome linarudi baada ya muda gani? Wakulima wa kikundi cha Muliru, wakisaidiwa na wanasayansi wa ICIPE, walichukua mmea wa kienyeji wa jamii ya mrehani, wakaukamua mafuta, wakatengeneza dawa ya kuchua ya Naturub. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ile chupa ndogo ilianza na mtu aliyepewa muda wa kupima mafuta ya jani.

Haya, nisikupambie. Mpango huu una mashimo, na nitakuonyesha mawili ninayoyaogopa.

La kwanza ni wasimamizi. Uzamili wa mwaka mmoja unadai mhadhiri anayesoma rasimu ndani ya wiki mbili. Nimeshaona rasimu ikikaa mezani mwa mtu tangu kupanda mahindi mpaka kuvuna. Mhadhiri mwenye wanafunzi ishirini wa kusimamia hana ubaya, hana saa. Na mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba mpaka Novemba, wakidai haki yao. Mwanafunzi aliyejipangia kuhesabu vyura wa mvua za Septemba angerudi kwa nani? Msitu haugomi, mvua haingojei makubaliano. Mkondo mmoja unahitaji chuo kinacholipa watu wake, na bila hilo nisingemshauri mtoto wa mtu aingie.

La pili ni jina. Tukiwapa watu uzamili wa mwaka mmoja uliojaa mihadhara ile ile ya mwaka wa tatu iliyobadilishwa vichwa, tutakuwa tumechapisha karatasi. Waajiri watajua ndani ya miezi sita. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina kanuni zake za uzamili na itabidi izitazame upya, na hapo kutakuwa na kishawishi cha kuruhusu kila idara ianzishe wake. Mimi ningeanza na vyuo vichache vyenye msitu, ziwa, bahari au maabara inayofanya kazi karibu. Masinde Muliro wanao msitu. Maseno wanalo ziwa. Pwani wanayo bahari pale Kilifi. Wengine wasubiri.

Pia si kila mwanafunzi wa biolojia aende huko. Anayetaka kufundisha shuleni anahitaji stashahada ya ualimu juu ya shahada yake ili tume ya walimu, TSC, imsajili, na huyo mwaka wake wa nne autumie hapo. Mlango wa mwaka wa tatu ubaki wazi.

Mama, sasa nakuja kwako. Natumaini hujazima redio.

Uliniuliza vyura watampa binti yako kazi gani. Unajua kule Ikolomani, upande wa Isulu na Bushiangala, ambako mjadala wa mgodi wa dhahabu umewafanya watu wote walijue neno ripoti ya athari kwa mazingira. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai ripoti hiyo kabla ya mgodi mkubwa, bwawa au barabara kuu. Ripoti haiandikwi na wanasheria peke yao. Lazima mtu aende mtoni, aseme kuna viumbe gani, wangapi, na itakuwaje maji yakibadilika. Mtu huyo husajiliwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na hulipwa kwa kazi hiyo, na mwenye uzamili hutakiwa miaka michache zaidi ya uzoefu kuliko mwenye shahada ya kwanza kabla ya kuongoza kazi yenyewe.

Tena vyura hasa. Wachimbaji wetu wadogo hutumia zebaki kushika dhahabu, na zebaki huishia kwenye vijito. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi. Mayai yake hayana ganda. Kijito kikiwa na sumu, yeye huathirika kabla yako wewe unayeoshea sufuria pale. Mtu anayejua chura wa matete wa Isiukhu huita lini, wangapi, na lini ukimya wake ni wa kiangazi na lini ni wa sumu, huyo ana kazi, mama. Kazi yake ni kukuambia kama maji ya kunyunyizia lisutsa yako ni salama.

Ila leo hawezi kukuambia. Ana kurasa za sifuri na siku chache za kelele. Anahitaji mwaka mwingine, na kwa mpangilio tulio nao atautafuta mwenyewe, kwa karo yake, siku atakayoipata. Ukimsaidia kwa chenji za mboga sitakulaumu, ila isingetakiwa iwe wewe.

Kwa wewe msikilizaji mwenye mtoto Gredi ya 10 aliyechagua mkondo wa sayansi, muda wa kusema ni huu, kabla vyuo havijaandika kozi za 2029. Vyuo na Tume wakiitisha maoni ya umma, nenda, au andika ukurasa mmoja upeleke. Waulize mtoto wako atasoma biolojia miaka mingapi, ni mingapi kati ya hiyo atakuwa nje ya darasa akitafuta jibu la swali lake mwenyewe, na nani atalipa. Wakikujibu kwamba kozi ni nyingi, mwambie yule anayejibu kwamba nyingi si jina la kozi.